Mpwa Wangu, Gari Lako na Baridi ya Minnesota

Mpwa wangu, juzi ulinipitia na gari ulilolinunua kwa jasho lako, nikafurahi nawe. Umefika Minneapolis mwezi wa Juni, ukawakuta watu wanaogelea kwenye maziwa. Sasa majani yamegeuka rangi. Ukaniambia, "Mjomba, theluji ikija nitakwenda polepole, basi." Sikutaka kukujibu mbele ya wenzako. Nakujibu sasa: polepole peke yake haitoshi.

Babu yako alikuwa nahodha, Lamu. Kabla upepo wa kusi haujachacha, jahazi lilipandishwa pwani, likakalafatiwa kwa pamba na kupakwa mafuta ya sifa, matanga yakashonwa. Hakungoja aone mawimbi ndipo atafute pamba. Hapa kusi yetu ni baridi, nayo hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na haingoji Desemba. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka tarehe 31 Oktoba, na ilipokoma siku ya nne ilikuwa imefikia sentimita 72 katika jiji hili. Kwa hiyo mwezi wa kukalafati ni huu.

Anza na tairi. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ukaacha kushika njia. Tairi za baridi zina mpira unaobaki laini. Utazijua kwa alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Funga zote nne. Ukifunga mbili tu, upande mmoja wa gari utashika na mwingine utateleza. Watakuambia kwamba gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne halizihitaji. Usiwasikilize. Magurudumu manne hukusaidia kuondoka, lakini kwenye kusimama unategemea mpira. Upepo nao upime mara kwa mara, asubuhi kabla hujaendesha, kwa sababu kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi hupungukiwa na kama psi 1.

Betri ni msiba mwingine. Kwenye sifuri hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zaidi ya nusu, saa hiyohiyo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi. Betri inayosuasua Septemba haitakuwashia gari Januari. Ipeleke ikapimwe. Kwenye rejeta, changanya kulanti nusu na maji nusu. Mchanganyiko huo hustahimili baridi ya zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Usidhani kulanti tupu ni bora, maana ikiwa tupu huganda mapema kuliko iliyochanganywa. Na chombo cha maji ya kuoshea kioo kitie dawa ya majira ya baridi. Maji matupu yatagandia kiooni ukiwa barabara kuu, usione mbele.

Sasa nikueleze jambo ambalo mama yako hajawahi kulisikia. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa natoka St. Cloud usiku, theluji ikivuma. Gari likaserereka likaingia mtaroni. Petroli ilikuwa robo tangi, viatu vyangu vya kazini, sina glavu. Kwa mbali niliona taa ya nyumba, nikafungua mlango niifuate. Nilikwenda hatua kama 20, nikageuka, na gari silioni. Nilirudi kwa kufuata nyayo zangu, nazo zilikuwa zimeanza kufukiwa. Nilikaa mle ndani saa tatu, mpaka dereva wa gari la kusukuma theluji aliponiona.

Tangu usiku ule nimeacha kulihesabu gari kuwa chombo cha kunifikisha tu. Kwenye baridi ni nyumba, na nyumba haihamwi. Ukikwama, baki ndani. Toka tu kufukua theluji kwenye bomba la moshi kila kabla ya kuwasha injini, kwa sababu likizibwa, kaboni monoksidi hurudi ndani, nayo haina rangi wala harufu. Mtu hulala asiamke. Kisha washa injini dakika kama 10 kila saa, huku dirisha umelifungua upenyo mdogo. Ndiyo sababu nakuambia tangi lisishuke chini ya nusu. Na nyumba ina vyombo vyake: blanketi, glavu, buti za theluji, tochi, beleshi fupi, waya za kuazimia umeme wa betri, maji, kitu cha kutafuna, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya magurudumu.

Njiani, ogopa madaraja. Upepo hupita juu na chini yake, hivyo huganda kabla ya barabara, na barafu yake ni nyembamba kiasi kwamba utaona lami nyeusi tu. Punguza mwendo kabla hujafika darajani. Ukiwa juu yake usikanyage breki ghafla. Kati yako na aliye mbele acha nafasi ya sekunde 8 au 10. Gari likiteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, ugeuze usukani taratibu kuelekea huko. Na kabla ya kuondoka nyumbani, futa theluji gari zima pamoja na paa. Ile ya paani huangukia kioo cha mwenzako aliye nyuma, naye pia ni mtoto wa mtu.

Jumamosi njoo na gari kwangu. Kipimo cha upepo ninacho, beleshi la ziada lipo gereji, na shangazi yako amekutengea blanketi. Uje mapema, maana siku hizi jua huwahi kuzama.