Undugu wa Kutungwa

Je, undugu uliotungwa ni uongo? Swali hili ni kongwe. Mnamo mwaka 206 kabla ya Masihi, wajumbe wa Kytenion, mji mdogo wa Kigiriki uliobomolewa na tetemeko na vita, walivuka bahari hadi Xanthos, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, kuomba fedha za kujengea kuta zao. Hawakuchukua bidhaa wala vitisho, walichukua nasaba. Mungu Apollo, walisema, alizaliwa kwenu Xanthos, na mwanawe Asklepios alizaliwa kwetu. Basi sisi ni jamaa. Hazina ya Xanthos ilikuwa tupu. Hata hivyo walikopa drakma 500 wakawapa, kisha wakayachonga hayo katika jiwe.

Nasi watu wa pwani tusicheke. Tarikhi ya Kilwa yasimulia jahazi saba zilizotoka Shirazi, baba na wanawe sita, kila moja ikatia nanga pake. Kwa ngano hiyo Mombasa, Pemba, Kilwa na Anzuani zikawa nyumba za ukoo mmoja.

Huko bara, katika miteremko ya Mlima Meru, undugu ulitungwa bila jahazi. Waarusha husema Kimaasai. Lugha ya Wameru ni jamaa ya Kichaga. Walipigana na kutekana mifugo. Lakini kuelekea mwisho wa karne ya 19, vijana wa Kimeru waliingia katika marika ya Kiarusha. Hawakuwa na babu mmoja. Walikuwa na jina moja la rika, na mwanarika hamwagi damu ya mwenziwe.

Chini ya mlima huohuo, mjini Arusha, ilikaa kuanzia 1995 hadi 2015 mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wahutu na Watutsi walikuwa na lugha moja, hata majina ya koo waliyashiriki. Lakini wageni wa Kizungu walikuwa wamewatungia ngano ya kinyume: kwamba Watutsi ni watu wa kuja, asili yao Uhabeshi. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akisema watarudishwa huko kwa mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti.

Hapo ndipo lilipo jibu, msomaji wangu. Ngano zote mbili zimetungwa, wala si ukweli wa asili unaozitenga. Amwambiaye mwenziwe "u ndugu yangu" amejitwika deni. Amwambiaye "u mgeni" amejivua deni, na aliyejivua deni hakosi kisu. Uongo wa undugu huanza pale mtu anapoutaja siku ya kuomba na kuusahau siku ya kutoa. Xanthos ilikopa ili itoe. Kwa hiyo nasaba ile, hata kama haikuwahi kuwako, siku ile ilikuwa kweli. Wahenga walikwisha kulinena: undugu ni kufaana, si kufanana.