Mvua ni ya Mungu, Mtaro ni wa Nani?

Alasiri ya Jumanne, tarehe 26 Julai 2005, treni za abiria za mji wa Mumbai, India, zilisimama njiani. Kituo cha hali ya hewa cha Santacruz, upande wa kaskazini, kilipima milimita 944 za mvua katika saa 24. Zaidi ya 600 kati ya hizo zilinyesha baina ya saa nane na nusu mchana na saa mbili na nusu usiku. Colaba, kwenye ncha ya kusini ya mji huohuo, ilipata chini ya milimita 80. Bahari nayo ilikuwa imejaa, kwa hiyo mitaro inayomwaga maji pwani haikuwa na pa kuyamwaga. Katika jimbo la Maharashtra walikufa watu zaidi ya 1,000, na zaidi ya 400 kati yao walifia ndani ya mji: wengine walizama, wengine waliangukiwa na vilima vilivyoporomoka, wengine walikosa hewa ndani ya magari yaliyofunikwa na maji. Abiria wa treni wengi walinusurika. Walilala ndani ya mabehewa na kwenye majukwaa ya stesheni, au walishuka na kufuata reli kwa miguu kuelekea majumbani.

Treni ya umeme huzuiwa na maji kwa namna mbili. Mota zake hukaa chini ya behewa, karibu na magurudumu, na maji yakipanda sentimita chache tu juu ya reli huanza kuzihatarisha. Namna ya pili haionekani kwa macho. Reli zenyewe hupitisha umeme mdogo unaoiambia mitambo ya ishara kama kipande fulani cha njia kina treni au ni kitupu. Maji yakijaa, umeme huo hukatizwa, nayo mitambo husoma kwamba njia ina treni, hata kama haina kitu. Taa hubaki nyekundu. Haya si makosa ya ufundi. Waliobuni mfumo huo waliamua tangu zamani kwamba mashine isipojua ilivyo hali ya njia, ichukulie kuwa kuna hatari. Katika mji ambao kila siku watu zaidi ya milioni sita hutegemea treni hizo kwenda kazini na kurudi, uamuzi huo una gharama kubwa, lakini uliokoa maisha ya watu siku ile.

Maafa ya namna hii huamsha swali ambalo dini na falsafa zimelijadili kwa karne nyingi: je, ni amri ya Mungu au ni kazi ya mikono ya watu? Mara nyingi swali huulizwa kana kwamba majibu yake ni urithi unaogawanywa kati ya ndugu wawili, likizidi fungu la huyu, la yule linapungua. Anayetaja kudra hudhaniwa kuwa anawaondolea lawama wahandisi, na anayetaja mitaro hudhaniwa kuwa amemkana Mungu. Mapokeo makubwa ya dini hayakufundisha hivyo, na kisa cha Mumbai kinaonyesha kwa nini.

Jibu la kwanza, nalo ndilo jepesi kuliko yote, ni kwamba mafuriko ni adhabu. India ina mjadala maarufu juu ya jambo hili. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la Bihar, tarehe 15 Januari 1934, Mahatma Gandhi alitangaza kwamba Mungu alikuwa akiwaadhibu watu kwa dhambi ya kuwabagua wale walioitwa wasioguswa. Mshairi Rabindranath Tagore alikuwa akimheshimu sana Gandhi na kuuchukia ubaguzi huohuo, lakini alimpinga hadharani, na pingamizi lake likachapishwa katika gazeti la Gandhi mwenyewe, Harijan. Tagore aliona kwamba kuunganisha mtikisiko wa miamba na maadili ya watu ni kuwafunza wananchi kutotumia akili. Pia alionya kwamba hoja hiyo inaweza kugeuzwa: watetezi wa ubaguzi wangeweza kudai kwa urahisi uleule kwamba tetemeko lilikuwa adhabu kwa Gandhi na wafuasi wake. Gandhi hakurudi nyuma. Hata hivyo katika hoja hii Tagore ndiye mwenye haki, na takwimu za Mumbai zinampa nguvu zaidi. Mvua iliyoiangukia Santacruz kwa kiasi kinachozidi mara kumi ile ya Colaba haikupima dhambi za mtaa huu na ule. Wingu lilisimama kaskazini, basi.

Mapokeo ya Kihindu yenyewe yana kisa kinachochukua njia nyingine. Indra, mungu wa mvua, alipokasirika na kuufurikisha mji wa wachungaji, Krishna aliuinua mlima Govardhan kwa kidole na kuwafunika chini yake watu na ng'ombe wao. Kisa hicho hakiishii kwenye hasira ya mwenye mvua. Uzito wake wote uko kwa mwenye kutoa kivuli.

Jibu la pili ni la kudra, nalo ni zito zaidi. Uislamu hufundisha kwamba hakuna tone linalodondoka bila ya Mwenyezi Mungu kulijua na kulitaka. Wapo wanaotoa hapo hukumu ya haraka: kama limeandikwa, basi hakuna wa kulaumiwa. Khalifa Umar bin Khattab alikabili hoja hiyo zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba kuna tauni huko, akaamua kurudi. Abu Ubayda, swahaba mwenzake, akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar alijibu kwamba anaikimbia kudra ya Mungu kuielekea kudra ya Mungu, akatoa mfano wa mchungaji mwenye ngamia mbele ya bonde lenye pande mbili, moja ya majani na nyingine kavu: popote atakapowalisha, ni kwa kudra. Maana yake ni kwamba tahadhari haisimami nje ya kudra ikishindana nayo. Kuchimba mtaro ni kudra, na kuuacha uzibe ni kudra, lakini aliyeuacha ataulizwa. Wanatheolojia wa Kiashari walisema Mungu huumba tendo na binadamu hulichuma, ndiyo maana anawajibika. Wamuutazila walisema uadilifu wa Mungu unalazimu binadamu awe muumbaji wa matendo yake mwenyewe. Hitilafu yao ilikuwa kubwa, lakini mbele ya mtaro ulioziba makundi yote mawili yangemwita mhusika yuleyule.

Hata dua hufuata mkondo huo. Hadithi mashuhuri husimulia kwamba Mtume Muhammad aliombwa siku ya Ijumaa aombe mvua, ikanyesha wiki nzima, na Ijumaa iliyofuata akaombwa aombe ikatike. Hakuomba ikome kabisa. Aliomba inyeshe pembeni na si juu ya watu: vilimani, kwenye mabonde, pale miti inapoota. Dua ya namna hii inachukulia kwamba bonde lipo na liko wazi kupokea maji.

Mumbai ililitendea nini bonde lake? Mji huo ulijengwa juu ya visiwa saba vilivyounganishwa kwa kufukia bahari. Mto wake, Mithi, hupokea maji yanayofurika kutoka maziwa ya Vihar na Powai, hupita karibu na Kurla na kuingia kwenye hori ya Mahim. Uwanja wa ndege uliubana na kuupinda. Eneo la ofisi la Bandra-Kurla lilijengwa juu ya ardhi oevu na mikoko iliyokuwa ikiyapokea maji yake. Mitaro ya enzi ya Waingereza ilisanifiwa kuondoa milimita 25 za mvua kwa saa, na hilo wakati bahari imekupwa. Mwaka 1993 ripoti ya wataalamu ilipendekeza uwezo huo uongezwe hadi milimita 50. Miaka 12 baadaye sehemu kubwa ya mapendekezo hayo ilikuwa bado karatasini.

Hapa inafaa kumkumbuka mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau. Tetemeko la Lisbon la 1755 lilimfanya mwandishi Voltaire aulaumu mpangilio wa ulimwengu. Rousseau alimwandikia mwaka uliofuata kwamba si maumbile yaliyozirundika pale nyumba 20,000 za ghorofa sita au saba. Hoja yake ni msingi wa fikra nyingi za leo kuhusu maafa. Ina tundu moja, hata hivyo: inazungumza kana kwamba waliokufa ndio walioamua wakae wapi. Baada ya mafuriko ya 2005 lawama ziliteremka upesi hadi kwa wanyonge. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa kuwa iliziba mitaro, na vibanda vya kando ya Mithi vilibomolewa. Mifuko iliziba kweli, na vibanda vilikuwa kwenye njia ya maji kweli. Lakini njia ya ndege na majengo ya ofisi yalikuwa kwenye njia ileile, yakiwa na ramani zilizopigwa mihuri ya serikali. Anayejenga kibanda kando ya mto au ya reli hufanya hivyo kwa kuwa kazi iko upande mmoja wa mji na kodi anayoimudu iko upande mwingine. Reli ndiyo inayoziunganisha pande hizo. Kumtwisha mtu huyu mzigo sawa na wa mpanga mji ni dhuluma inayovaa kanzu ya busara.

Hata hivyo, ugumu wa kweli uko kwingine. Milimita 50 kwa saa pia zisingetosha: alasiri ile wastani wa saa sita mfululizo ulizidi milimita 100. Hata kama kila afisa angetimiza wajibu wake, bado maji yangejaa, na treni zingesimama. Ipo sehemu ya tukio ambayo hakuna mtaro ungeiweza. Je, hiyo ndiyo sehemu ya Mungu peke yake? Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitenga kutojua kusikozuilika na kutojua kunakotokana na uzembe wa mtu mwenyewe. Kwa huku kwa pili mtu huadhibiwa kama aliyejua. Tofauti hiyo inasaidia. Mji ambao ungeshindwa kuyazuia maji ungeweza bado kuwaonya watu. Mumbai haikuwa na rada ya Doppler ya hali ya hewa wakati huo, na kusini, kwenye stesheni kuu za Churchgate na Chhatrapati Shivaji, mvua ilikuwa ndogo. Mfanyakazi aliyetoka ofisini na kupanda treni ya kwenda kaskazini hakuwa na namna ya kujua kwamba anaelekea kwenye maji. Kutojua kwake hakuna lawama. Kutojua kwa waliokuwa na dhamana ya kumjulisha ni jambo jingine. Reli ilikuwa na taa nyekundu kwa ajili ya saa ya kutojua. Ofisi za mji hazikuwa nayo.

Wajibu wa namna hii una sifa inayoisumbua falsafa ya maadili: umetawanyika. Mhandisi wa karne ya 19 alifanya hesabu kwa mji mdogo zaidi, diwani mmoja aliahirisha bajeti, mwingine aliidhinisha jengo, na kila mmoja akitazama fungu lake huona dogo. Wapo wanaohitimisha kwamba lawama ikigawanywa hivyo huyeyuka. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu ofisi huishi muda mrefu kuliko watu. Halmashauri iliyopokea ripoti ya 1993 ndiyo iliyokuwepo mwaka 2005, hata kama viti vyake vilikaliwa na wengine.

Usiku ule wa mafuriko wakazi waliwapikia chai na chakula watu wasiowajua, na misikiti, mahekalu na mashule yakafunguliwa. Magazeti yaliusifu moyo wa Mumbai. Baadaye waandishi wa mji huohuo walianza kuichukia sifa hiyo, wakisema imegeuka kuwa njia ya kuzisamehe mamlaka: wananchi ni wavumilivu, basi na wavumilie tena. Wana hoja, ingawa wema wenyewe haukosi thamani kwa kuwa umetumiwa vibaya.

Sheria imelazimika kulitolea hukumu swali ambalo dini zinaweza kuliacha wazi. Katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo India iliyarithi, tendo la Mungu ni utetezi unaotambuliwa: Sheria ya Reli ya India ya 1989 inalitaja kati ya mambo yanayoweza kuliondolea shirika la reli dhima ya mizigo iliyopotea au kuharibika. Mwaka 1876, katika kesi ya Nichols na Marsland, mahakama ya Uingereza ilimwachilia mwenye mabwawa yaliyopasuka kwa mvua isiyokuwa ya kawaida. Lakini mwaka 1917 iliamuliwa kesi ya kampuni ya reli ya Caledonian dhidi ya mji wa Greenock, Uskoti, ambao ulikuwa umebadilisha njia ya kijito ili kutengeneza kidimbwi cha watoto kuchezea. Mvua kubwa ikanyesha, maji yakafurika na kuharibu mali ya reli. Majaji wa Baraza la Mabwana (House of Lords) waliukataa utetezi wa tendo la Mungu: anayeziba njia ya asili ya maji lazima atoe njia nyingine inayoyamudu hata maji ya mvua isiyo ya kawaida.

Kipimo cha sheria, basi, ni kama jambo lingeweza kutazamiwa. Kwa kipimo hicho tarehe 26 Julai 2005 ilibadilisha hali ya kila mvua iliyofuata. Tarehe 29 Agosti 2017 Santacruz ilipata zaidi ya milimita 300 kwa siku, na treni za Mumbai zikasimama tena. Mvua hiyo, kwa muumini, ilitoka kwa Mungu yuleyule wa 2005. Mbele ya hakimu haikuwa tena mvua isiyojulikana.