Shauku ya Mtoto Mwenye Usonji: Je, Yafaa Kuivunja?

Sifa zote njema zamkhusu Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake mbali mbali kwa rangi na ndimi na tabia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu, mas'ala tutakayoyasema katika waraka huu ni madogo kwa mtazamaji, lakini ni makubwa kwa aliye na mwana wa namna hii nyumbani mwake. Kuna watoto ambao mioyo yao hushikamana na kitu kimoja mshikamano usio wa kawaida. Mmoja hapendi illa nyakati za gari la moshi, kuondoka kwake na kufika kwake. Wa pili hakomi kuhisabu nyota na majina yake. Wa tatu hupanga vifuniko vya chupa safu safu tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, na kimoja kikiondolewa hulia kana kwamba amefiwa. Ukimwuliza khabari nyingine hajibu. Ukimwuliza khabari ya kitu chake hanyamazi. Baba yake huona haya mbele ya watu. Jirani wasema, Mtoto huyu ana pepo. Na wengine wasema, Huyu amekosa bakora. Kisha siku moja vitu vile huchukuliwa vikatupwa jaani, na baba hudhani kuwa amemtendea mwanawe hisani.

Suala letu ni hili: Je, amemtendea hisani, au amemdhulumu?

Wanazuoni wetu wametufunza kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi na tuanze kwa kujua. Hali hii kwa Kiswahili cha leo huitwa usonji. Mwaka 1925 Grunya Sukhareva, daktari mwanamke wa Urusi, aliandika khabari za wavulana 6 wenye tabia hizi. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto katika mji wa Baltimore, Marekani, akaandika khabari za watoto 11. Na mwaka 1944 Hans Asperger akaandika yake katika mji wa Vienna. Mtu huzaliwa nayo. Si maradhi ya kuambukiza, wala si matunda ya ubaridi wa mama kwa mwanawe, kama walivyodhani baadhi ya madaktari wa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960. Dhana iliyowaliza mama wengi bure, kisha ikabatilika. Nayo si hali ya nadra: Shirika la Afya la Dunia limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa nayo. Baadhi yao hawasemi kabisa, na baadhi yao husema kwa ufasaha kuwapita wenzao.

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walipokiandika upya kitabu chao cha kupambanulia maradhi, waliihisabu shauku kali isiyo ya kawaida kuwa ni moja katika alama za usonji. Lakini alama ya kitu si lazima iwe ndiyo shari yake. Mvi ni alama ya uzee, wala hapana aliyeupona uzee kwa kung'oa mvi.

Na sababu ya shauku hii, wako walioieleza kwa maneno ya kufahamika. Mwaka 2005 Dinah Murray na wenzake wawili katika Uingereza waliandika kuwa nadhari ya mtu ina kadiri yake. Akili za watu wengi huigawanya nadhari hiyo katika mambo mengi kwa mara moja, kila jambo na fungu lake dogo; na akili ya mwenye usonji huikusanya yote katika jambo moja. Mfano wake ni maji ya kisima kimoja. Shamba hili lina mifereji kumi, na kila mfereji una maji ya kulowesha kidole. Na shamba lile lina mfereji mmoja, na maji yake yaenda kwa nguvu. Ukiuziba ghafula mfereji ule mmoja, maji hayatajigawanya kwa upole, bali yatafurika na kubomoa. Ndiyo maana mtoto hulia kilio kile. Si ukaidi, ni maji yaliyozibwa. Na zaidi ya hayo, wengi katika watoto hawa husumbuliwa na makelele, na mwangaza, na nyuso za watu wasizozifahamu. Na katika kitu chake kile mtoto hupata mahali palipotulia, ambapo jambo la leo ni kama la jana.

Baada ya kulijua hili, na tuzitazame kauli za watu. Nazo ni tatu.

Kauli ya kwanza ni ya wasemao: Ivunjwe. Wasema kuwa ni upuuzi, na mtoto akiachwa nao hatajifunza kukaa na watu. Na kauli hii si ya wasiosoma peke yao. Katika miaka ya 1960, Ivar Lovaas, mwalimu wa chuo kikuu cha California, alijaribu kuwatoa watoto wa namna hii katika matendo yao ya kujirudiarudia kwa zawadi wakitii, na kwa makemeo na makofi, hatta na umeme, wasipotii.

Jawabu yetu ni kuwa adabu katika sharia yetu imewekwa kwa aliyefahamu akakhalifu, na kwa kadiri ya kumfaa. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abalighi. Basi vipi ataadhibiwa kwa jambo ambalo si dhambi hatta kwa mtu mzima? Kupanga vifuniko ni mubaha. Na tazameni alivyokuwa Mtume (S.A.W.) kwa mtoto mwenye kupenda kitu. Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik kwa mama, alikuwa na kidege chake akichezea, na kidege kikafa. Mtume akamwona mtoto ana huzuni, akauliza sababu yake, akaambiwa. Naye hakusema kuwa ni upuuzi, bali alimwita kwa kuniya yake kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza khabari ya kidege chake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Na mwanachuoni wetu wa madh-habi ya Shafi'i, Ibn al-Qass, aliyekufa mwaka 335 wa Hijra, ameitungia kijitabu kizima, akatoa ndani yake faida 60 za fiqhi na adabu. Hatusemi kuwa Abu Umair alikuwa na usonji. Twasema kuwa mbora wa viumbe aliiona huzuni ya mtoto juu ya kidege kuwa ni jambo la kuulizwa. Basi sisi ni nani hatta tuione huzuni ya watoto wetu kuwa ni jambo la kupigiwa? Na Imam Ghazali amesema katika Ihya kuwa mtoto aruhusiwe kucheza baada ya chuo, kwani kumzuilia mchezo na kumlemea kwa masomo daima hufisha moyo wake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtoto mwenye milango kumi ya furaha, je, kwa mwenye mlango mmoja?

Kauli ya pili ni ya wasemao: Iachwe, ikiwa ina manufaa. Hii ni kauli nzuri kwa dhahiri yake, na ina ushahidi. Temple Grandin, mwanamke wa Marekani mwenye usonji, aliyezaliwa mwaka 1947, alishughulika sana katika ujana wake na kile chombo cha kumbana ng'ombe wakati wa kudungwa sindano, alichokiona katika shamba la shangazi yake. Wako waliotaka aondolewe fikra hiyo. Lakini mwalimu wake mmoja wa elimu ya maumbile alimwambia: Ikiwa wakipenda, kisome, ujue kwa nini ng'ombe hutulia humo. Akasoma hatta akawa mwalimu wa chuo kikuu, na machinjio mengi ya Marekani yakajengwa kwa ramani zake ili mnyama asitishike. Naye amepinga desturi ya kumning'iniza mnyama hai kwa mguu katika machinjio ya kidini, ya Mayahudi na ya Waislamu. Na jambo hilo latukhusu sisi, tulioamrishwa kumfanyia ihsani mnyama tumchinjapo.

Jawabu yetu ni kuwa manufaa ni kheri, lakini si mizani ya kumpimia mtoto. Na atakaye kujua khatari ya mizani hii, na azingatie khabari ya yule Asperger wa Vienna. Aliwasifu baadhi ya watoto wake, akawaita maprofesa wadogo, akasema kuwa shauku zao zaweza kuwafikisha mbali katika elimu na kuwafaa watu. Maneno mazuri! Lakini mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alidhihirisha kwa nyaraka za zama zile kuwa daktari huyo huyo, chini ya utawala wa Wanazi, alipeleka watoto wengine, walioonekana kuwa hawana manufaa, katika nyumba iitwayo Am Spiegelgrund. Na katika nyumba hiyo walikufa karibu watoto 800 baina ya mwaka 1940 na 1945, wengi wao kwa kuuawa kwa dawa na kwa njaa. Tazameni, ndugu zetu, mizani moja inavyopima pande mbili. Aliyesema, Huyu aishi kwa kuwa atafaa, amekwisha kusema nusu ya neno, Na yule asiyefaa je? Mtoto ajuaye nyota aweza kuwa mnajimu, na mtoto apangaye vifuniko huenda asiwe kitu katika macho ya watu mpaka kufa kwake. Na haki ya wote wawili kwa baba yao ni moja, kwa kuwa wote wawili ni amana, na amana hailindwi kwa sababu ya faida yake, hulindwa kwa sababu ya Mwenye kuiweka.

Kauli ya tatu, nayo ndiyo tuionayo kuwa ni sahihi, ni kwamba shauku hii isivunjwe wala isipimwe kwa bei, bali iwe ni njia ya kumwendea mtoto. Ushahidi wake ni Donald Triplett, wa kwanza katika wale watoto 11 wa Kanner, aliyezaliwa mwaka 1933 katika jimbo la Mississippi. Alipokuwa bado hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa wamtoe nyumbani, wakampeleka katika nyumba ya kulelea watoto. Na huko alikaa kimya, hatazami mtu wala kitu. Mwaka 1938 wakamrudisha. Baadaye akakaa kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wa shamba, si wataalamu. Mtoto huyu alikuwa hakomi kupima vitu; yule mkulima akampa kazi ya kuchimba kisima na kuleta khabari ya kina chake. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa mahali pa makaburi yao, akawawekea na alama. Alikuwa akihisabu misitari ya mahindi tena na tena. Wakamwambia ahisabu huku akilima. Kanner alipowazuru mwaka 1945 alimkuta akilima na farasi wake, naye alisoma skuli ya shamba. Mtoto huyo alihitimu chuo, akafanya kazi miaka mingi katika benki ya mji wake, akasafiri nchi nyingi, akafa mwaka 2023 naye ana miaka 89.

Zingatieni hekima ya wale wakulima. Hawakumwambia, Acha kuhisabu. Wala hawakumwacha akahisabu peke yake mpaka usiku. Waliingia katika hisabu yake, wakamkuta humo, wakatoka naye pamoja.

Huenda msomaji akauliza: Je, hapana mpaka? Jawabu: Upo, nao ni ule ule wa kila mubaha. Shauku ikimdhuru mwenyewe katika mwili wake, au ikigusa mali ya mtu, au ikimkosesha chakula na usingizi, walii wake amzuilie, kwa upole na kwa taratibu, amwambie kabla ya wakati na amwonyeshe kitakachofuata, wala asimpokonye kwa ghafula. Na akifika umri wa kuamrishwa sala naye anafahamu, aamrishwe. Na huenda baadhi yao, kwa kupenda utaratibu, wakashika nyakati tano kuliko sisi wenye kuzikawiza.

Na akibalighi mwenye akili, akawa atoa fedha zake kununua vitu avipendavyo, je, azuiliwe mali yake kuwa ni safihi? Imam Nawawi katika Minhaj ametaja katika ubadhirifu kuitupa mali baharini, na kukubali khasara kubwa iliyo wazi katika biashara, na kuitoa katika haramu. Ama aitoaye katika chakula na mavazi yaliyo juu ya hali yake, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa si mbadhirifu. Basi anunuaye vitabu vya gari la moshi ana haki gani ya kuzuiliwa, na sisi twanunua vilemba na saa tusizozihitaji?

Hayo ndiyo tuliyokusudia. Lililobaki ni amali, nayo ni nyepesi kusema na nzito kutenda: baba na akae chini, kando ya mwanawe, mbele ya vile vifuniko, amwulize, Hiki ni cha wapi? na asikilize jawabu mpaka mwisho wake. Huenda likawa ndilo neno refu la kwanza alilopata kusikia kwake. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.