Pikipiki Moja na Vitabu Vingi vya Sheria

Je, wajibu huzaliwa na sheria, au sheria huandika tu wajibu uliokwisha kuwako kabla yake? Swali hili ni la kale, na aghalabu huachiwa wanafalsafa na mahakimu. Walakini wako watu wengine wanaolijibu kwa koleo na keekee, usiku, katika mabanda yao, bila ya kulitaja kwa jina. Watu hao ni wale watayarishao pikipiki moja kwa mashindano ya vyama mbalimbali.

Mashindano ya pikipiki yana watawala wengi. Shirikisho la dunia, liitwalo kwa kifupi FIM, lilianza mwaka 1904. Katika Marekani chama cha AMA kilianzishwa mwaka 1924, na katika jimbo la California chama cha AFM kimekuwapo tangu mwaka 1954. Mbali na hivyo viko vyama vya mikoa, na vyama vya wapenzi wa pikipiki za zamani. Kila kimoja kina kitabu chake cha sheria, na vitabu hivyo ni kama ndugu wa tumbo moja wasiofanana sura. Mtu mwenye pikipiki moja, akitaka kushindana katika chama hiki mwezi huu na katika kingine mwezi ujao, yampasa avisome vyote, na aghalabu afuate neno lililo kali zaidi katika kila jambo.

Kazi yenyewe ni ndefu. Vioo, taa na stendi huondolewa. Bolti za oili hutobolewa kwa keekee, na waya mwembamba wa chuma hupitishwa tunduni, ukasokotwa na kufungwa mahali imara, ili bolti isiweze kujilegeza kwa mtetemo. Maji ya kupoza injini hayatakiwi kuwa na glaikoli, kwa sababu maji matupu yakimwagika njiani hukauka, bali glaikoli hubaki ikiteleza kama sabuni. Bodi ya chini ya injini hufungwa kama bakuli. Katika sheria za FIM yapasa iweze kushika angalau nusu ya oili na maji yote ya injini, pindi injini ikipasuka. Penye mnyororo na gurudumu la meno huwekwa kinga, vidole vya aliyeanguka visije vikavutwa humo. Kisha huja mambo ya namba: ukubwa wake, rangi yake na mahali pake. Hapo vyama hupishana sana, na mtu huweza kupoteza jioni nzima akibandua namba za juzi na kubandika za kesho.

Mbele ya mkaguzi mambo yote haya huonekana ya namna moja. Yeye ana orodha, na katika orodha namba yenye rangi isiyotakiwa na bolti isiyo na waya ni makosa mawili yaliyoandikwa kwa wino mmoja. Lakini hayakutoka mahali pamoja.

Tutazame mfano mmoja wa historia. Katika miaka ya 1930 AMA iliweka daraja la mashindano lililoitwa C. Baadaye pikipiki za vali za ubavuni ziliruhusiwa humo kuwa na injini ya sentimita za ujazo 750, na zile za vali za juu 500 tu. Vali za ubavuni huipa injini pumzi haba, kwa hiyo kulikuwa na hoja ya kuziongezea ukubwa. Lakini ilitokea pia kwamba Wamarekani waliunda za ubavuni, na Waingereza wakaunda za juu. Manung'uniko hayakukosekana. Hata hivyo Norton za Uingereza, zenye ujazo mdogo, zilishinda maili 200 za Daytona mfululizo tangu mwaka 1949 hadi 1952. Kufikia mwaka 1970 kipimo kilisawazishwa, kikawa 750 kwa wote. Sheria ya kwanza haikuokoa mfupa wa mtu, wala ya pili haikuuvunja. Zote mbili zilikuwa mapatano.

Basi humo vitabuni mna sheria za ulinzi na sheria za mapatano, na njia ya kuzitambua ni kwenda katika chama ambacho kitabu chake kimenyamaza. Tuseme chama hicho hakidai waya katika bolti ya oili. Je, mwendeshaji aung'oe ule aliokwisha kuufunga? Akiung'oa atakuwa ameungama kwamba siku zote alikuwa akimfungia mkaguzi, wala si yule kijana ajaye nyuma yake kwa mwendo wa maili mia kwa saa, ambaye hatakuwa na nafasi ya kuukwepa utelezi wa oili. Wajibu wa waya ulikuwako kabla ya kitabu, na kitabu kikifungwa haufungwi nacho. Lakini tuseme chama hicho hicho huruhusu injini kubwa zaidi. Akiitia kubwa, hana lawama hata chembe. Jana ilikatazwa, leo ni halali, na dhamiri yake yaweza kulala usingizi.

Kutokana na haya watu wengi hudhani kwamba sheria za mapatano ni nyepesi, na kwamba azivunjaye hufanya kosa dogo. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya ulinzi ina nguzo nyingi: ina huruma, ina hofu, ina akili ya kawaida, hata likivunjwa neno lake, sababu yake husimama pale pale. Sheria ya mapatano haina nguzo ila ahadi, na ahadi ni deni. Mtu akificha injini ya 650 katika daraja la 600, hakuna atakayeumia wala oili itakayomwagika. Lakini ushindi atakaoupata haupo. Ushindi katika daraja la 600 ni kitu kilichoumbwa na mapatano hayo tu. Nje yake kuna mtu aliyefika mapema mahali asipokuwa na shughuli.

Hapo huzuka tatizo la neno na nia. Mwaka 1979 Honda ilileta pikipiki yake ya NR500. Sheria ya FIM iliruhusu ujazo wa 500 na silinda zisizozidi nne. Injini za mipigo miwili, ambazo huwaka katika kila mzunguko, zilikwisha kutawala; Honda ilitaka ile ya mipigo minne, iwakayo mara moja katika mizunguko miwili, na ili iende sambamba nazo ilihitaji kuzunguka upesi mno, kama injini ya silinda nane. Sheria ilikataa nane. Basi wakaunda silinda nne zenye umbo la mviringo uliorefuka, kila moja na vali nane na mikono miwili ya pistoni: nane zilizounganishwa mbili mbili. Je, huo ulikuwa udanganyifu? La. Waliyoyafanya yalikuwa wazi mbele ya wakaguzi na wapinzani, na katika mapatano neno ndilo lililopatanwa. Nia iliyobaki kifuani haikutiwa sahihi na mtu. (Ujanja huo haukuwafaa. Huko Silverstone mwaka ule hakuna hata moja ya pikipiki zao mbili iliyomaliza, wala NR500 haikushinda hata shindano moja la ubingwa wa dunia. Mwaka 1983 Freddie Spencer aliwapatia Honda ubingwa kwa pikipiki ya mipigo miwili.)

Lakini ujanja uo huo ukiletwa katika sheria za ulinzi hugeuka dhambi. Waya waweza kusokotwa vizuri, ukang'aa, nao ukavuta upande wa kulegeza badala ya kukaza. Mkaguzi mwenye pikipiki themanini za kutazama asubuhi moja huuona waya, akapita. Neno limetimizwa kikamilifu. Bolti haikusoma kitabu.

Iko sheria moja isiyokaa sawasawa upande wowote, nayo ni ya kelele. Katika njia ya Laguna Seca, huko California, kelele hupimwa kwa sababu ya wakazi wa jirani, na kiasi kinachoruhusiwa siku nyingi ni kidogo kuliko mahali pengine. Wako wanaobadilisha bomba la moshi ili injini inyamaze kweli, wakakubali kupungukiwa na nguvu. Wako pia wanaougeuza tu mdomo wa bomba, ukatazama mbali na kibanda cha kipimo. Sauti ni ile ile, isipokuwa hesabu iliyoandikwa kibandani imepungua. Atakayesema kwamba kiwango cha kelele ni mapatano, kwa kuwa kimekatwa kwa namba kama ujazo wa injini, atawaona hawa wa pili kuwa mafundi hodari, jamaa za wale wa Honda. Lakini mapatano huwafunga na kuwaridhisha waliopatana, na mwenye nyumba ng'ambo ya kilima hakuandikisha jina lake katika mashindano, wala hakupewa namba.