Deni la Msikilizaji

Lipo swali ambalo sisi tunaojishughulisha na kufasiri hulikwepa kama mtu amkwepavyo mdai wake sokoni: je, mtu anayo haki ya kukipenda asichokielewa? Na akisha kukipenda, anadaiwa nini?

Aliyenilazimisha kulikabili swali hili, bila ya yeye mwenyewe kujua, ni Saida Karoli. Mwaka 2001 mwimbaji huyu wa Kagera alitoa albamu yake ya kwanza, Maria Salome, na wimbo uliobeba jina hilo ukaenea nchi nzima, hata huku kwetu visiwani ukasikika garini na maharusini. Hakuja na Kiswahili cha kulibembeleza soko. Aliimba zaidi kwa Kihaya, akifuata mapigo ya ngoma za kwao. Nasi tusiokijua Kihaya tukafanya jambo la ajabu: tuliuokota msemo wa Kiswahili uliokuwemo ndani ya wimbo, tukaugeuza kuwa jina la wimbo wote. Hadi leo wengi huuita “Chambua Kama Karanga”. Tulichokielewa tulikipa jina. Kilichobaki tukakiacha kiwe utamu wa sauti.

Sisi wa visiwani hali hiyo si ngeni kwetu. Taarab iliyochipuka katika kasri la Sayyid Barghash iliimbwa kwa Kiarabu, na hapana shaka wengi walioisikia kwa mbali waliambulia mahadhi tu. Siti binti Saad ndiye aliyeisimamisha juu ya Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kuzirekodi nyimbo zake katika santuri. Siti aliiendea lugha ya wengi. Saida, mwanzoni mwa safari yake, alibaki katika lugha ya watu wake, akawaacha wengi wamwendee. Simwoni hata mmoja wao aliyekosea. Mwimbaji hana wajibu wa kumfuata kila msikilizaji hadi mlangoni kwake. Bali anaposimama alipo, mwendo unakuwa juu yetu.

Atakuwepo wa kunijibu kwamba muziki hauhitaji mkalimani, na kwamba mtoto mchanga hutulizwa na wimbo wa mama kabla hajajua neno lolote. Ni kweli, lakini mtoto yule hukua, na siku moja huuliza. Tena Wahaya ni watu wenye nanga, kile chombo cha nyuzi ambacho kwacho mafundi wao waliimba tendi ndefu za mashujaa, zile alizozitafiti Profesa Mugyabuso Mulokozi. Watu wenye hazina ya namna hiyo hawayatumii maneno kuwa pambo la sauti. Kumsikiliza mwimbaji wao kana kwamba anapiga mluzi ni kumpunguzia.

Hapa sina budi kuungama. Mwaka 2002, barazani kwetu, vijana waliniuliza wimbo ule unasema nini. Nilikuwa nimeanza kujulikana kuwa mfasiri, na mfasiri mchanga huona haya kusema hajui. Nikawaambia kwamba ni bibi harusi anayeaga nyumba ya wazee wake, nikapamba na machozi yake mlangoni. Hakuna aliyenipinga. Mmoja wao, aliyekuwa karibu kuoa, akaamuru wimbo ule upigwe siku ya harusi yake, kwa ajili ya maana ile niliyoitunga papo hapo.

Miaka mingi baadaye safari ilinifikisha Songambele, huko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Jina la mahali hapo ni Kiswahili kitupu, nami nilipolisikia nilidhani nimefika nyumbani. Kumbe nimefika kwa wasemao Kinyambo, ndugu wa karibu wa Kihaya, na ndugu pia wa Kinyankole kilichoko ng'ambo ya mpaka, Uganda. Ndipo nilipofahamu kuwa mtu wa Mbarara, ambaye bendera yake ni nyingine, huenda aliusikia wimbo ule kwa ukaribu kuliko mimi niliye raia mwenzake Saida.

Mama aliyenikaribisha alikuwa mtu mzima kunishinda. Nilimsimulia kisa cha baraza, nikamwomba anifasirie. Akausikiliza wimbo katika simu yangu mara mbili, macho yake chini. Akanifungulia kifungu hiki na kile, jinsi Salome anavyosifiwa. Bibi harusi wangu sikumsikia popote, wala machozi yake. Kisha akafika mahali akanyamaza. “Hapa, mwanangu, sipajui,” akasema. “Hilo ni neno la Wahaya wenyewe. Mimi ni Mnyambo. Kawaulize wao.”

Maneno hayo yalinichoma. Yeye aliyeelewa karibu yote alisimama pale elimu yake ilipokoma. Mimi niliyekuwa sielewi chochote nilikuwa nimelijua kila neno. Nikaona kwamba kosa langu halikuwa kuupenda wimbo nisiouelewa, kwani mapenzi hayangoji kamusi. Kosa lilikuwa kuuziba mdomo wa mwenye wimbo kwa mdomo wangu.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga upya wimbo ule kwa jina la “Salome”, na vijana waliokuwa wachanga mwaka 2001 wakaucheza. Katika mambo ya namna hiyo tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Lakini sheria hiyo haifiki barazani, kumkamata msikilizaji aliyeokota sauti ya mtu akaivika maana yake mwenyewe. Deni hilo hulipwa kwa hiari, na malipo yake ni kuuliza. Na pale jibu linapokosekana, ni kukiri kwamba halipo. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Hawakutuambia tuujaze usiku huo kwa taa za kuchora.

Niliporudi nilimwendea yule bwana harusi wa zamani, ambaye sasa ana watoto wakubwa, nikamweleza kweli yote mbele ya mkewe. Yeye alicheka sana. Mkewe hakucheka. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameyahifadhi machozi yale ya mlangoni kuwa ni yake.

“Basi, shemeji,” akaniuliza, “maneno yenyewe yanasemaje?”

Nikamwambia yale niliyoambiwa Songambele. Nilipofika pale yule mama aliponyamaza, nami nikanyamaza.