HILA HAISAFISHI MALI



Mwaka 2018 Uganda ilianza kumtoza mtumiaji wa Facebook na WhatsApp shilingi 200 kwa siku. Hapa kwetu, kuanzia 2020 hadi 2022, kodi ya RAM ilikatwa katika yunite za simu, hata za mama muuza sambaza. Lakini Facebook yenyewe kwa miaka mingi iliandika Ireland mapato ya matangazo yaliyolipiwa nje ya Marekani, kwa kuwa huko kodi ni ndogo. Kampuni za namna hii hujitetea kwamba hazikuvunja sheria.

Je, hilo latosha? Kumbukeni watu wa Sabato, waliokatazwa kuvua Jumamosi. Wafasiri wasimulia kwamba walitega nyavu Ijumaa, wakatoa samaki Jumapili. Siku ile mikono yao ilitulia, nyavu zikavua. Allah akawaadhibu.

Nawe mfanyabiashara wa Kadutu, usiseme: "Hata wakubwa hufanya." Kila mtu ataulizwa lake. Kabla ya kutafuta njia ya pembeni, jiulize: mzigo huu ninaoutua, nani ataubeba?

Wabillahi tawfiq.