Nani Anajua Kuimba?

Batu wengi husema kuimba ni zawadi ya kuzaliwa nayo: huyu ana sikio, yule hana. Mimi pia nilisema hivyo, na mtu mmoja aliumia juu ya neno hilo.

Nilipokuwa mwalimu wa korali hapa Kisangani, tulikuwa na nyimbo za Wazungu zilizotiwa maneno ya Kilokele. Mama mmoja mzee alikuwa anakosa kila mara pa fasi ileile. Sisi tunapanda, yeye anashuka. Nikamuambia: «Mama, samahani, unatupoteza. Pumzika kwanza.» Akajibu tu: «Mwalimu, neno lile haliimbwi hivyo.» Kiisha akaenda, hakurudi.

Mimi sikuzaliwa Mulokele, na Kiswahili changu hakina shida hiyo; tunakaza silabi ya pili toka mwisho, basi. Kilokele kina sauti ya juu na ya chini, na sauti ndiyo inachagua maana. Sema *lisaka*, silabi zote chini: ni kidimbwi cha maji. Pandisha ya mwisho: ni ahadi. Pandisha mbili za mwisho: ni sumu! Sasa fikiri wimbo juu ya ahadi ya Mungu, na muziki wa Ulaya unapanda mapema kwa silabi moja tu. Tutaimba sumu, tena kwa furaha.

John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, alieleza mambo hayo katika kitabu chake cha 1949 juu ya ngoma zinazosema. Ngoma ina sauti mbili tu. «Mwezi» na «kuku» zinalia sawasawa, kwa hiyo mpigaji anaongeza: mwezi unaotazama dunia. Mtoto aliyelelewa na masikilizo hayo, sikio lake limefunzwa mbele hajaanza kuimba. Si sikio baya. Linatii bwana mwingine.

Wengine watanijibu: mbona waimbaji wa kijiji nao wanavunja sauti za neno? Ni kweli, na maneno ya jirani yanaokoa maana. Lakini wao wanajua wanavunja nini. Mimi sikujua. Je, neno lifuate muziki, ao muziki ufuate neno? Kwa wimbo wa kuazima, naona muziki ndio mgeni. Yeye ndiye apinde mugongo.

Nilipokwenda kumuomba mama yule radhi, alikuwa amekwisha kufa. Binti yake aliniambia alikuwa anaimba nyimbo zetu kila jioni pa jiko, kwa namna yake.